Maswali ya Wasomaji: Mwandishi Huyu Anasema kwa Sauti Gani?

Mwezi huu barua tatu zimegusa jambo moja, nalo ni maneno yanayoeleza toni ya mwandishi katika mitihani ya ufahamu ya Kiingereza. Nimezifupisha na kuziweka pamoja, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyobeba mzizi wa tatizo.

SWALI: Assalaam alaikum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimemaliza kidato cha sita na ninajitayarisha kwa mtihani wa SAT ili niombe nafasi ya masomo Marekani. Nimehifadhi orodha ya maneno zaidi ya 200 ya kueleza toni, kila neno na maana yake ya Kiswahili ubavuni, na nikiulizwa neno moja moja ninajibu bila ya kusita. Lakini nikiwekewa kifungu nababaika. Juzi nilisoma habari ya kijiji kilichomezwa na maji, nikachagua jibu la huzuni, kumbe jibu sahihi lilikuwa kwamba mwandishi hakuonesha hisia yoyote. Nimekosea wapi, na je, orodha hii niiache?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Usiiache, lakini ujue kwamba umehifadhi majina ya sauti kabla ya kulizoesha sikio kuzitambua. Kosa la kijiji kilichomezwa na maji linafanywa na wengi, na asili yake ni kuchanganya huzuni ya tukio na sauti ya anayelisimulia. Mtihani hauulizi iwapo jambo lenyewe linasikitisha. Unauliza mwandishi amelieleza vipi.

Fikiria matangazo ya vifo redioni, ambayo sote tumekua nayo. Mtangazaji anataja jina la marehemu, jamaa wa Unguja na wa Pemba wanaoarifiwa, mahali msiba ulipo na saa ya maziko, kisha anaingia tangazo la pili kwa sauti ile ile. Hakuna habari nzito kuliko hiyo, na bado sauti yake ni ya kuarifu tu. Nenda sasa kwa wafiwa, ukae jamvini, umsikilize ndugu wa marehemu akisimulia alfajiri ile: "Kaniaga vizuri tu, kaniambia nimwekee chai yake, na chai hata haijapoa." Hakutaja huzuni, lakini kila aliyekaa pale ameinamisha kichwa. Msiba ni mmoja, sauti ni mbili. Ya mtangazaji ungeiita kwa Kiingereza "objective" au "detached", yaani ya mtu aliyejiweka kando na anachokieleza. Ya ndugu ni ya majonzi, na majonzi hayo yamekaa katika ile chai isiyopoa. Mwandishi wa kifungu chako, kwa jinsi ulivyonieleza, alikuwa mtangazaji, nawe ulimsikia kama mfiwa kwa sababu moyo wako uliingia katika habari kabla ya jicho kumaliza kusoma maneno.

Sikio la toni unalo tangu utotoni. Mama zetu wakinunua kanga hulisoma jina lake kabla ya kuichukua, kwa sababu wanajua kwamba jirani atakayeliona atajua limemlenga nani, na kama ni kijembe, ni nasaha au ni mapenzi. Katika taarab, mtu akinyanyuka kwenda kutunza pale ubeti fulani unapoimbwa, ukumbi mzima unaelewa kwamba ubeti ule umemsemea lake la moyoni. Hakuna aliyepewa orodha ya maneno 200 ili ayaelewe hayo. Kazi yako ni kulichukua sikio hilo na kulipeleka katika Kiingereza, ambako mwandishi hana kanga wala ala za muziki, ana maneno tu.

Tuchukue sentensi moja. "Kamati imesema kwamba kisima kitakamilika kabla ya kiangazi." Hiyo ni habari tupu. Sasa ongeza kidogo: "Kamati imesema, kwa mara ya nne, kwamba kisima kitakamilika kabla ya kiangazi." Hakuna tusi wala lawama, na huenda ni kweli tupu kwamba imesema mara nne, lakini shaka imeshaingia. Badilisha tena: "Kamati inadai kwamba kisima kitakamilika, ati kabla ya kiangazi." Hapa shaka imekuwa dharau, na imeletwa na kitenzi "inadai" pamoja na neno dogo "ati". Halafu jaribu upande wa pili: "Kamati, pamoja na uhaba wa fedha unaoikabili, imeahidi kwamba kisima kitakamilika kabla ya kiangazi." Mwandishi huyu anaielewa kamati na anaihurumia. Kisima ni kile kile na kiangazi ni kile kile katika sentensi zote nne.

Kiingereza kina vitenzi vyake vinavyofanya kazi hiyo hiyo, na ningependa uvijue hivi kabla ya kuongeza neno jingine lolote katika orodha yako. Mwandishi akiandika "says" amekuachia uamuzi. Akiandika "claims" amejitenga na maneno ya msemaji. Akiandika "insists" anakuonesha mtu anayeshikilia lake ingawa wengine wanampinga. "Concedes" ni kukubali shingo upande. "Demonstrates" ni mwandishi mwenyewe kukubali kwamba jambo limethibitika. Yaongeze na maneno madogo kama "merely", "so-called" na "supposedly", ambayo mwanafunzi mwenye haraka huyaruka kama kokoto njiani, ilhali ndiyo yenye kubeba mtazamo.

Wewe ni mtu wa Pemba, na bila ya shaka umekaa kwenye jamvi la kuchambua karafuu tangu mdogo: kishada mkononi, karafuu fungu hili, makonyo, yaani vikonyo vyake, fungu lile. Chambua kifungu vivyo hivyo. Maneno yanayobeba habari yaweke fungu lao, na yale yanayobeba mwelekeo wa mwandishi yaweke fungu lao, uyapigie mstari. Fungu hili la pili ndilo makonyo. Nawe unajua kwamba makonyo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi yakatolewe mafuta. Ukikuta fungu la makonyo ni tupu, basi jibu lako ni la yule mtangazaji wa redio. Lile la kijiji lilikuwa hivyo.

Ukishayapata makonyo, pima ukali wake. Kwetu tunajua kwamba kukosoa si kulaumu, kulaumu si kushutumu, na kushutumu hakujafika kulaani. Kiingereza nacho kina ngazi zake: "critical" iko chini sana ya "scathing", ambayo ni shutuma ya kuunguza. Mimi hutumia kipimo kimoja na sijakiona kikiniangusha mara nyingi: jibu lisiwe kali kuliko neno lililo kali kabisa ndani ya kifungu. Ikiwa neno kali uliloliona ni "unfortunate", yaani la kusikitisha kidogo, huwezi kuchagua jibu linalosema mwandishi amekasirika. Wako walimu wanaowaambia wanafunzi kwamba jibu kali daima si sahihi. Mimi siafikiani nao, kwa sababu vifungu vya kitaalamu ni vya upole kweli, lakini barua ya mtu aliyedhulumiwa, au mazungumzo ndani ya hadithi, yanaweza kuwaka moto, na hapo jibu la upole ndilo la makosa.

Yapo pia maneno yanayofanana kwa mbali na kuachana kabisa yakikaribiana. Jozi inayowaangusha vijana wengi ni "ambivalent" na "indifferent", kwa kuwa katika orodha nyingi zote mbili zimeandikiwa kitu kama "asiye na upande". Simama bandarini Mkoani siku mzazi anapomuaga mtoto anayepanda boti kwenda kusoma Unguja. Mzazi yule anafurahi na roho inamuuma kwa wakati mmoja, moyo unavutwa huku na kule. Huyo ndiye "ambivalent". Kule chini ya mwembe amekaa mtu asiyejua kama boti imeingia au haikuingia, wala halimshughulishi. Huyo ni "indifferent". Mmoja ana hisia mbili, mwengine hana hata moja. Jozi nyengine ni "skeptical" na "cynical". Mteja wa samaki aliye "skeptical" anamwambia muuzaji amfunulie mashavu aone kama samaki ni wa leo, na akiona wekundu atanunua. Aliye "cynical" anaondoka bila ya kutazama, akisema wauza samaki wote ni waongo. Wa kwanza anataka ushahidi, wa pili ameshahukumu nia za watu.

Kuhusu mtihani wenyewe, SAT ya sasa inafanywa kwa kompyuta, na sehemu yake ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaliyogawiwa mara mbili, maswali 27 kwa dakika 32. Vifungu ni vifupi, vya maneno 25 hadi 150, na kila swali lina kifungu chake, au vifungu viwili vinavyolinganishwa. Kwa hivyo usisubiri swali linalouliza "toni ni ipi?" kwa jina lake. Toni inakuja imejificha katika nafasi iliyo wazi ambayo unatakiwa kuijaza neno linaloafikiana na sentensi nzima, au katika swali la kusudi la kifungu, au pale unapoulizwa mwandishi wa kifungu cha pili angejibu vipi dai la yule wa kwanza. Katika swali hili la mwisho majibu yote manne yanaweza kutaja jambo la kweli, na tofauti ikawa katika neno moja tu la mtazamo.

Sasa orodha yako. Chagua maneno 60 kati ya hayo 200, yale unayokutana nayo tena na tena katika majaribio, na kila moja uliandikie jirani yake anayefanana naye na jambo linalowatenganisha, kama tulivyofanya kwa boti ya Mkoani. Mifano iwe yako mwenyewe, ya Wete na ya watu unaowajua, kwa kuwa mfano niliokupa mimi utausahau kabla ya wako.

SWALI: Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika skuli ya sekondari Mjini Unguja. Wanafunzi wangu wakitumia kamusi kutafuta maana ya maneno ya toni wanazidi kupotea. Mmoja aliona "qualified approval" akaandika kwamba mwandishi ana shahada ya jambo analolisifu. Je, nikipige marufuku Kiswahili kabisa wakati wa kufundisha msamiati huu? Na niwape maneno mangapi kwa wiki?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ninakuomba usikipige marufuku Kiswahili. Kilichompoteza mtoto yule ni kubadilisha neno moja kwa neno moja, kana kwamba lugha mbili ni mizani yenye mawe yaliyo sawa. "Qualified approval" ni kukubali kwa masharti, ni ile "ndiyo, lakini" ambayo mzee huijibu posa anayoipenda huku akitaka kwanza kuulizia ukoo. Mwambie mtoto hivyo kwa Kiswahili, nawe utaona anavyolikamata. Angalia na hili la "guarded", ambalo kamusi itampeleka kwenye ulinzi na silaha, kumbe ni tahadhari ya mtu anayechelea kuahidi. "Sympathetic" nalo mara nyingi halihusu kumuonea mtu huruma, bali linaeleza mwandishi anayeuelewa upande fulani na kuelekea kuukubali. Na "critical" ni mtihani juu ya mtihani, kwa sababu linaweza kuwa la kulaumu, la kuchambua kwa makini, au la jambo muhimu kupindukia, na sentensi peke yake ndiyo inayoamua.

Kiswahili kina utajiri katika eneo hili ambao ningesikitika kuona darasa lako linaunyimwa. Tuna kejeli, kebehi, bezo, stihizai, kijembe, simango na kinaya, na mtoto wa Unguja anazijua tofauti zake ingawa hajawahi kuulizwa azieleze. Muulize. Atakwambia kwamba kijembe hurushwa kwa mafumbo ili mlengwa peke yake aumie, na kwamba simango ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea kwa nia ya kumdhalilisha. Akishazieleza, mpe "ironic" na mtaliona linakaribiana na kinaya, yaani kusema jambo ilhali linalokusudiwa ni kinyume chake. Mpe "mocking" alipeleke kwenye kejeli, na "contemptuous" alipeleke kwenye bezo. Kisha mpe "condescending" muone pamoja kwamba hakuna neno moja la kulitosha: ni sauti ya mtu anayemsemesha mtu mzima mwenziwe kama anayemsemesha mtoto wa chuo cha Kurani, kwa upole unaoudhi. Vivyo hivyo simango halina neno lake moja katika Kiingereza. Mwanafunzi akishaona kwamba kila lugha ina chumba ambacho nyengine haina ufunguo wake, ataacha kutafuta jibu la neno moja, naye atajifunza kueleza.

Idadi ninayoiona inafaa ni maneno manane kwa wiki, ya ukoo mmoja, kwa mfano wiki ya shaka, wiki ya sifa, wiki ya hasira. Usimchanganyie mtoto maneno ya koo tofauti kwa kufuata alfabeti, kwani maneno yanayoanza kwa herufi moja hayana udugu wowote wa maana, na anachotakiwa kukijua ni tofauti baina ya ndugu. Anza wiki kwa kifungu kifupi cha Kiswahili, cha gazetini hata, ili watafute toni bila ya kupigana na lugha. Siku ya pili walete maneno ya Kiingereza. Siku za mwisho wa wiki wape kazi ninayoipenda kuliko zote: mwelezeni mtu mmoja kwa sauti tatu. Mfano ni mzee aliyekataa kuuza kiwanja chake kwa mjenzi wa hoteli. Anayemheshimu ataandika kwamba mzee ana msimamo, anayemchukia ataandika kwamba ni mkaidi, na asiyejihusisha ataandika kwamba hakukubali kuuza. Kwa Kiingereza wa kwanza atasema "resolute" na wa pili "stubborn", na wa tatu atabaki na "declined". Wasome kwa sauti mbele ya wenzao, na wenzao wakisie ni sauti ya nani, kila mmoja akitaja neno lililomjulisha. Asiyeweza kulitaja neno hilo asipewe alama hata kama amekisia sawasawa. Ukali huu ni wa lazima, kwa sababu mwanafunzi anayekisia vizuri darasani huangushwa na majibu mawili yanayokaribiana siku ya mtihani.

SWALI: Mimi ni muuguzi Chake Chake, ninajitayarisha kwa IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza. Katika kusoma, mara kwa mara ninajibu "No" mahali ambapo jibu ni "Not Given". Nimeambiwa ni udhaifu wa msamiati. Ni kweli?

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu, bibie. Mtihani huo wa kusoma una maswali 40 kwa dakika 60, na ndani yake mna aina mbili za maswali zinazofanana sura. Yale ya "True, False, Not Given" yanahusu habari iliyomo katika kifungu. Yale ya "Yes, No, Not Given" yanahusu maoni na madai ya mwandishi mwenyewe, na hapo ndipo toni inapoingia. Ili uandike "No", ni lazima mwandishi awe amesema jambo linalopingana na sentensi uliyopewa. Kutosema hakutoshi. Kwetu bi harusi akiulizwa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa. Katika mtihani huu kimya cha mwandishi si ridhaa wala si kukataa, ni "Not Given".

Jambo la pili la kuangalia ni nani mwenye maoni. Tuseme kifungu kinasema: "Baadhi ya wauguzi wanaona kwamba zamu ya usiku ya saa 12 inachosha kupita kiasi." Sentensi ya swali inasema kwamba mwandishi anataka zamu hiyo ifutwe. Msomaji mwenye kazi kama yako ataandika "Yes" kwa sababu anaujua uchovu wenyewe, au "No" kwa sababu haoni mwandishi akiomba ifutwe, na wote wawili watakuwa wamekosea, kwa kuwa mwandishi amenukuu tu maoni ya watu wengine na hakutoa lake. Sasa tuongeze maneno machache baada ya sentensi ile: "na malalamiko yao ni ya haki." Mwandishi ameshaingia upande. Ukiulizwa kama anayaona malalamiko hayo kuwa ya haki, jibu ni "Yes". Lakini ukiulizwa kama anataka zamu ifutwe, jibu bado ni "Not Given", maana mtu anaweza kukubali kwamba mzigo ni mzito bila ya kusema utuliwe.

Kwa mazoezi ya mwezi mzima, kila unapotaka kuandika "No", weka kidole juu ya sentensi inayolipinga dai lile. Kidole kikikosa pa kutua, andika "Not Given" na uende swali linalofuata.